Wapenzi wa jinsia moja walivyosubiri miaka 51 kupanda chombo cha Star Trek

MNAMO Septemba 8, 1966, watazamaji wa runinga nchini Marekani walionyeshwa kwa mara ya kwanza chombo cha angani kiitwacho Enterprise, kilichokuwa kikizuru sayari za mbali katika karne ya 23.

Kilichowashangaza wengi hakikuwa chombo chenyewe bali mabaharia wake. Usukani ulishikwa na Sulu, mwenye asili ya Asia. Mawasiliano yalisimamiwa na Uhura, mwanamke Mwafrika ambaye jina lake lilitoholewa kutoka neno la Kiswahili ‘uhuru’. Mwaka uliofuata akaongezwa Chekov, Mrusi, ilhali Marekani na Muungano wa Kisovieti zilikuwa zikitunishiana misuli katika Vita Baridi.

Nichelle Nichols, mwigizaji wa nafasi ya Uhura, alieleza kuwa siku aliyoenda kujaribiwa kwa kazi hiyo alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya iliyoitwa Uhuru. Gene Roddenberry, aliyebuni kipindi hicho cha Star Trek, alilipenda neno hilo na kulibadilisha kidogo ili liwe jina la mhusika.

Ujumbe wa Roddenberry ulikuwa wazi. Siku za usoni, binadamu wangeacha kubaguana na kila mmoja angepata nafasi kulingana na uwezo wake.

Hata hivyo, kuna kundi moja ambalo halikupata nafasi katika safari hiyo. Wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake hawakuonekana chomboni. Iliwabidi kusubiri hadi 2017, miaka 51 baadaye, ndipo mhusika mkuu wa aina hiyo akatokea katika kipindi cha runinga cha Star Trek bila kufichwa.

Kuchelewa huko kunahitaji kuelezwa. Bunilizi za kisayansi ni utanzu ambao mtunzi wake hafungwi na mila za zama zake. Anaweza kuumba sayari yenye jua mbili, viumbe wenye damu ya kijani na mashine zinazompeleka mtu hadi jana. Inakuwaje basi watunzi waliothubutu kuwaza hayo yote washindwe kumwaza mwanamume anayerejea nyumbani kwa mwanamume mwenzake?

Hofu ya wenye kulipia

Jibu la kwanza limo katika fedha. Star Trek ilirushwa na shirika la NBC, ambalo mapato yake yalitoka kwa makampuni yaliyolipia matangazo ya bidhaa. Isitoshe, vipindi vya shirika hilo viliwafikia watazamaji kupitia kwa vituo vingi vya majimboni, navyo vilikuwa na uwezo wa kukataa kuonyesha kipindi ambacho vilihofia kingewaudhi watu wao.

Kwa hivyo kila mswada ulipitia mikononi mwa maafisa waliokuwa na jukumu la kuondoa chochote ambacho kingemkera mnunuzi wa sabuni. Kwao, suala halikuwa kile ambacho mtunzi angeweza kuwaza, bali kile ambacho mfanyabiashara angekubali kiandamane na tangazo lake.

Mfano ni sehemu iliyoonyeshwa Novemba 22, 1968, ambapo Kapteni Kirk, Mzungu, alimbusu Uhura. Katika hadithi yenyewe, wawili hao walikuwa wamelazimishwa na nguvu za viumbe wengine. Hata baada ya kutafutiwa kisingizio hicho, maafisa wa NBC walikuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu jinsi majimbo ya kusini yangelipokea tukio hilo.

George Takei, aliyeigiza kama Sulu, ameeleza kuwa katika miaka hiyo alimdokezea Roddenberry suala la wapenzi wa jinsia moja. Kwa maelezo yake, Roddenberry alimjibu kuwa tayari alikuwa amefika ukingoni, na kwamba angeongeza suala hilo basi kipindi chote kingefutiliwa mbali.

Takei alikuwa na sababu ya kuuliza. Yeye mwenyewe anawapenda wanaume, jambo alilolificha kwa miongo kadhaa akihofia kukosa kazi. Alikuwa amejua tangu utotoni maana ya kutengwa kwa sababu ya alivyozaliwa, kwani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia familia yake ilifungiwa kambini pamoja na Wamarekani wengine wenye asili ya Japani.

Alijitokeza hadharani mwaka wa 2005, akiwa na umri wa miaka 68, baada ya gavana wa California kukataa kutia saini mswada wa kuruhusu ndoa za jinsia moja. Alipofunga ndoa na Brad Altman mnamo 2008, waliosimama nao siku hiyo walikuwa Walter Koenig, aliyeigiza kama Chekov, na Nichelle Nichols, yule yule Uhura.

Hivyo basi, kundi lililokosekana katika Enterprise halikuwa limekosekana kwa kweli. Mmoja wao aliushika usukani kwa misimu mitatu, ila hakuweza kujulikana.

Lugha ya mafumbo

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hung’amua. Watunzi wa Star Trek walipoona mlango umefungwa waliamua kupitia dirishani, yaani kulizungumzia suala hili kwa mafumbo.

Haikuwa kwamba hakuna aliyejaribu kusema waziwazi. Kipindi kipya, The Next Generation, kilipoanza 1987, ukimwi ulikuwa umeangamiza maelfu ya Wamarekani, wengi wao wakiwa wanaume waliopenda wanaume. David Gerrold, ambaye alikuwa amekiandikia kipindi cha kwanza, alitunga mswada ulioitwa Blood and Fire, uliokuwa na mabaharia wawili wanaume wapendanao pamoja na ugonjwa wa kutisha unaoenea katika damu. Mswada huo haukuwahi kurekodiwa katika kipindi hicho, naye Gerrold akaondoka.

Badala yake yakaja mafumbo. Mnamo 1991 ilionyeshwa sehemu ambayo Daktari Crusher anampenda balozi wa jamii ya Trill. Watu wa jamii hiyo hubeba ndani ya miili yao kiumbe mwenye nafsi na kumbukumbu, ambaye huhamishiwa mwili mwingine ule wa kwanza unapokufa. Nafsi ya balozi huyo ilipohamia katika mwili wa mwanamke, daktari aliukatisha uhusiano huo.

Mwaka uliofuata, katika sehemu iliyoitwa The Outcast, mabaharia walifika kwenye sayari ambayo wakazi wake hawana uume wala uke, na ambapo mtu anayejihisi kuwa mke au mume huhesabiwa kuwa mgonjwa. Mmoja wao, Soren, alijihisi kuwa mwanamke na akampenda afisa wa Enterprise, Riker. Alishtakiwa, akajitetea kwa ufasaha mbele ya hakimu, kisha akapelekwa kutibiwa. Riker alipofika kumwokoa, Soren alimwambia kwa utulivu kuwa amepona na hampendi tena.

Jonathan Frakes, aliyeigiza kama Riker, alisema baadaye kuwa nafasi ya Soren ingepewa mwanamume ili fumbo liwe na makali. Nafasi hiyo ilikuwa imepewa mwanamke. Kwa hivyo mtazamaji aliona mwanamume akimbusu mwanamke, jambo ambalo halikuwa geni kwenye runinga yoyote.

Jaribio lililofana zaidi lilifanywa Oktoba 1995 katika kipindi cha Deep Space Nine. Jadzia Dax, wa jamii ya Trill, anakutana na mwanasayansi Lenara Kahn. Nafsi zilizo ndani yao ziliwahi kuwa mume na mke katika miili ya awali, na mila za Trill zinaharamisha kabisa kurejelea ndoa ya maisha yaliyopita. Wanabusiana, na adhabu inayowasubiri ni kufukuzwa na jamii yao. Hakuna mhusika hata mmoja anayetaja kwamba wote wawili ni wanawake. Linaloogopwa katika hadithi ni mwiko mwingine kabisa.

Fumbo lilikuwa na faida yake. Liliwawezesha watunzi kuvuka vizuizi, na aliyetaka kuelewa alielewa. Asiyetaka aliendelea na chakula chake cha jioni bila kutatizika.

Lakini hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Fumbo humzungumzia mtu huku likimwacha nje ya nyumba. Kijana aliyekuwa akijificha kama Takei angeweza kuambiwa, kupitia kwa viumbe wa sayari nyingine, kwamba kuteswa kwake ni dhuluma. Asingeweza kuambiwa kwamba katika karne ya 24 bado wapo watu kama yeye, na kwamba wanafanya kazi na kuheshimiwa. Zaidi ya hayo, fumbo linaweza kukanwa. Mtayarishaji akilaumiwa husema kuwa hadithi hiyo haimhusu mtu yeyote duniani.

Kipindi kingine cha miaka hiyo, Babylon 5, kilijaribu kusimama katikati. Afisa wake wa kike, Susan Ivanova, alijenga ukaribu na Talia Winters, mwanamke mwenye uwezo wa kusoma mawazo ya watu. Mengi hayakuonyeshwa. Ni baada ya Talia kuondoka ndipo Ivanova alipokiri, kwa maneno machache, kuwa huenda alimpenda.

Mlango wafunguliwa Uingereza

Mabadiliko makubwa yalitokea nje ya Marekani. Shirika la BBC la Uingereza hugharimiwa na ada ya leseni inayolipwa na nyumba zenye runinga, na kwa hivyo halina mwenye sabuni wa kuogopewa. Mnamo 2005 lilikifufua kipindi chake cha tangu 1963, Doctor Who, na kukiweka mikononi mwa Russell T Davies, mwandishi ambaye hakuwa akificha kuwa yeye ni mpenzi wa jinsia moja.

Davies alimleta Kapteni Jack Harkness, mtu wa karne ya 51 anayevutiwa na wanaume, wanawake na hata viumbe wasio binadamu. Juni 18, 2005, Jack alimbusu Daktari mdomoni alipokuwa akimuaga kabla ya vita ambavyo hakutarajia kunusurika. Kipindi hicho hutazamwa na familia nzima Jumamosi jioni. Katika hadithi, hakuna aliyeshtuka.

Jack alipata kipindi chake mwenyewe, Torchwood, mwaka wa 2006. Katika Doctor Who, Bill Potts, msichana anayependa wasichana, akawa msafiri mwenza wa Daktari mnamo 2017. Juni 2024 Daktari mwenyewe, akiigizwa na Ncuti Gatwa aliyezaliwa Rwanda na kukulia Uskoti, alibusiana na mhusika wa kiume aliyempenda.

Hali hii inadhihirisha jambo la pili kuhusu kuchelewa huko. Mbali na anayelipa, ni muhimu kuuliza ni nani anayeshika kalamu. Ambaye jambo ni la maisha yake halioni kuwa ajabu inayohitaji fumbo.

Kaburi lilikuwa karibu

Wahusika hao walipoanza kuonekana waliandamwa na balaa nyingine. Walikuwa wakifa.

Mwenendo huu una mizizi ya kale. Kanuni zilizotawala filamu za Marekani kuanzia 1934 hadi 1968 zilikataza, kwa sehemu kubwa ya muda huo, kuonyeshwa kwa mapenzi ya jinsia moja, na hata pale yalipodokezwa, mhusika alitarajiwa kuangamia ili mtazamaji ajifunze. Kanuni zilifutwa lakini mazoea yakabaki.

Katika Battlestar Galactica, uhusiano wa Felix Gaeta na mwanamume mwenzake ulionyeshwa mwishoni mwa 2008 katika sehemu fupi fupi za kwenye intaneti tu. Wiki chache baadaye, katika kipindi chenyewe, Gaeta alipigwa risasi kwa uasi. Julai 2009, Ianto Jones, mpenzi wa Kapteni Jack, alikufa katika Torchwood. Mashabiki walioomboleza waliweka maua na barua katika ukuta mmoja bandarini Cardiff, na mahali hapo pakageuka kuwa kumbukumbu yake.

Kilele kilifika Machi 2016 katika kipindi cha The 100. Kiongozi wa kivita Lexa aliuawa kwa risasi iliyomlenga mtu mwingine, muda mfupi baada ya yeye na mpenzi wake Clarke kulala pamoja. Wasichana wengi waliokuwa wamejiona katika mhusika huyo walijaa ghadhabu. Mtayarishaji mkuu aliomba radhi hadharani. Mashabiki nao walichangisha zaidi ya dola 100,000 za Marekani na kulipa shirika linalowasaidia vijana wa aina hiyo wasijitoe uhai.

Kwa asiyefuatilia vipindi hivi, hasira hiyo huenda ikaonekana kupita kiasi kwa kifo cha kubuni. Lakini tofauti iko katika idadi. Wahusika mia moja wanaopenda watu wa jinsia nyingine wakifa, maelfu wanabaki. Aliye peke yake akifa, hapana wa kushika nafasi yake, na mtazamaji huambulia funzo moja tu, kwamba watu kama yeye hawafiki mwisho wa hadithi.

Katika mwaka huo huo wa 2016, sehemu ya Black Mirror iitwayo San Junipero ilichukua njia tofauti. Wanawake wawili waliokaribia kufa uzeeni wanachagua kuishi pamoja milele ndani ya mji ulioundwa kwa kompyuta. Hadithi hiyo ya furaha ilishinda tuzo mbili za Emmy mwaka uliofuata.

Mswaki na pajama

Star Trek iliporejea kwenye runinga Septemba 2017 kwa jina la Discovery, mambo yote mawili yalikuwa yamebadilika. Kipindi kilirushwa kupitia kwa huduma ya intaneti inayolipiwa na watazamaji kila mwezi, na aliyeanza kukibuni, Bryan Fuller, ni mpenzi wa jinsia moja asiyejificha.

Mtaalamu wa mitambo Paul Stamets na daktari Hugh Culber ni wapenzi, na waigizaji wao, Anthony Rapp na Wilson Cruz, ni watu ambao maishani mwao pia wanapenda wanaume. Tukio lililozungumziwa mno halikuwa busu. Wawili hao wamevaa pajama, wamesimama mbele ya kioo wakipiga mswaki na kuulizana kuhusu kazi za siku hiyo.

Hapo ndipo fumbo lilipokufa. Hakukuwa na sayari ya mbali wala hakimu wala hotuba ya kujitetea, ila nyumba tu.

Hata hivyo, mazoea ya zamani hayakuwa mbali. Januari 2018 Culber aliuawa kwa kuvunjwa shingo. Malalamiko yalizuka papo hapo, nao watayarishaji wakaharakisha kuwahakikishia watazamaji kuwa hadithi ya wawili hao haikuwa imekamilika. Culber alirudishwa katika msimu wa pili mwaka wa 2019, na wapenzi hao walikuwa hai kipindi kilipofika tamati Mei 2024.

Mnamo 2020 waliongezwa vijana wawili, Gray, aliyezaliwa akihesabiwa msichana lakini anaishi kama mvulana, na Adira, asiyejitambulisha kama mwanamume wala mwanamke. Adira aliwaomba wenzake wabadilishe kiwakilishi cha Kiingereza wanachomtajia. Kwa Kiswahili, ambacho ‘yeye’ wake haulizi kama ni mume au mke, ombi hilo lisingekuwa na maana.

Ubishi haujaisha

Si wote wanaoshangilia mabadiliko haya. Wapo watazamaji wanaolalamika kuwa siasa zimeingizwa katika burudani, na wapo wazazi na viongozi wa dini wanaoshikilia kuwa vipindi hivi vinawafunza watoto mienendo inayokiuka imani na mila zao.

Hoja hiyo iliwahi kutumika hapa nchini. Juni 2017, Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) ilipiga marufuku vibonzo sita, kikiwemo Steven Universe kinachohusu viumbe kutoka sayari nyingine, ikisema vilikuwa vikieneza ushoga miongoni mwa watoto. Mwaka uliofuata iliipiga marufuku filamu ya Rafiki inayohusu wasichana wawili wapendanao jijini Nairobi. Mwelekezaji wake, Wanuri Kahiu, ndiye aliyetengeneza Pumzi mnamo 2009, filamu fupi ya bunilizi za kisayansi kuhusu dunia iliyokauka maji. Mnamo Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kuharamisha vifungu vya sheria vinavyoadhibu ngono ya jinsia moja.

Hata miongoni mwa wanaounga mkono, hapana kauli moja. Filamu ya Star Trek Beyond ilipoonyesha mwaka wa 2016 kuwa Sulu ana mume na binti, ikikusudia kumuenzi Takei, Takei mwenyewe hakufurahi. Alisema Roddenberry hakumbuni Sulu hivyo, na kwamba ingefaa kuundwa mhusika mpya. Simon Pegg, mmoja wa waandishi wa filamu hiyo, alijibu kwa heshima kuwa mhusika mpya angetambuliwa kwa jambo hilo moja tu, ilhali Sulu tayari anajulikana na kupendwa kwa mengine.

Wote wawili walikuwa wakizungumzia hatari ile ile, kwamba mtu anaweza kuletwa kwenye kioo awe alama na wala si mtu. Ni swali ambalo kuhesabu wahusika peke yake hakuwezi kulijibu.

Lililo bayana ni kwamba kuwaza siku za usoni hakujatosha kumwezesha mtunzi kuivuka hofu ya siku zake. Aliyeahidi kuwa chombo kitambeba kila mtu, Gene Roddenberry, alifariki 1991, akiwa ametangaza mara kadhaa kuwa wapenzi wa jinsia moja wangeonekana humo. Ahadi hiyo ilipotimizwa kwenye runinga, yeye alikuwa kaburini kwa takriban miaka 26, na George Takei alikuwa mzee wa miaka 80.